Kuvumwani ya Mlimani kwenye Jiwe la Kirumba

Jumatano, tarehe 8 Aprili. Mvua imenyesha tangu alfajiri ikakatika saa nne. Sasa jua linawaka na mawe yanafuka mvuke.

Nimekumbuka siku yangu ya kwanza kazini, miaka mingi iliyopita. Kwenye chumba cha mimea mikavu pale Mirongo, mjini, Mkuu wa Maabara aliniwekea mbele bahasha ya gazeti yenye kitu cheusi kama masizi. "Hiki nini?" Nikasema uchafu. Mama yule alicheka mpaka akavua miwani. "Basi uchafu huu ndio utakaokulisha, Baba Neema."

Mimi ni wa darasa la saba, nikikosea mnisahihishe. Ile ilikuwa kuvumwani, mmea mfupi usio na maua unaoshika mawe. Hiyo nyeusi huishi juu kabisa milimani, kwenye baridi. Mkuu alinifundisha kuitambua: "Kikavu kwanza, maji baadaye." Ikiwa kavu, unatafuta kwa lenzi ya mkono kikopo, yaani kichwa kidogo kinachobeba vumbi la uzazi. Kuvumwani nyingi kikopo chake kina kifuniko, kama chungu. Cha hii hakina. Hupasuka ubavuni nyufa nne, ncha zikabaki zimeshikana juu. Ikilowa nyufa hujifunga, huzioni tena. Ndipo unadondoshea maji ya moto, jani linakunjuka, unaangalia kama lina mshipa wa kati. La hii halina.

Aliyetupandia milima kukusanya mimea alikuwa Modesta, mzaliwa wa Nansio, mfanyakazi wa mkataba. Safari moja Afisa Mimea, bosi wake, alibana kipande kutoka kwenye bahasha aliyoleta Modesta, akakitazama.

"Hii ya hapa hapa mjini. Huyu hakupanda popote. Mkataba wake sisaini tena."

Sikumlaumu Afisa. Bila lenzi zote ni nyeusi na zinafanana, na kipande alichoshika kweli kilikuwa na kifuniko.

Modesta alinifuata mezani. "Kaka, nimepanda mpaka kucha zimeng'oka, leo naambiwa nimeokota nyuma ya nyumba? Waambie ni ya mlimani!"

"Nitasema nitakachoona, dada."

"Wewe nawe! Unaongea kama karani wa mahakama."

Mkuu aliagiza niimwage bahasha yote kwenye karatasi nyeupe, nitenganishe, naye akakaa kando. Vipande vingi vilikuwa na nyufa nne, na majani yake, baada ya maji, hayakuwa na mshipa. Moyo ukatulia. Kisha nikakuta vichache vyenye vifuniko. Nilitamani visiwepo. Nikavisogeza upande wa pili.

"Mkuu, humu zimo mbili. Ya mlimani, na ya huku kwetu."

Modesta alinitazama kama nimemuuza.

Mkuu akachukua lenzi, akaangalia muda mrefu. "Modesta, ulikaushia wapi?"

"Nyumbani, hapa hapa Kirumba. Zililowa njiani. Nikazianika juu ya jiwe kama dagaa, jioni nikazikwangua."

"Ukazikwangua pamoja na zilizoota kwenye jiwe lenyewe!"

Afisa Mimea ndiye aliyecheka kwanza, na kwa haki niandike kwamba alisaini mbele yetu, akamwomba Modesta radhi bila kuzungukazunguka.

Sasa nimestaafu, nina muda wa kuwaza. Ningevificha vile vichache, kipande cha Afisa kingebaki bila maelezo na Modesta angeondoka. Lakini wakati ule sikujua hivyo. Sidhani ilikuwa hekima. Niliogopa tu kusema pungufu ya nilichoona.

Modesta alininunia kwa muda. Safari iliyofuata alirudi na bahasha mpya, akampita Afisa, akaiweka mezani kwangu. "Anza wewe," akasema, akavuta kiti akakaa.

Jioni tumekula ugali wa muhogo, sato wa mchuzi na matembele.