Kibodi ya Vitufe vya Kengele

Dada yangu alipopata kiharusi, upande wake wa kulia ulikufa na ulimi ukamgomea. Mkono wa kushoto ulibaki, lakini baridi yabisi ilikuwa imeshaupinda miaka mingi kabla, na vidole vyake havikuweza tena kwenda kimoja kimoja. Akigusa kioo cha simu, vinagusa vitatu kwa pamoja. Akigusa kibodi ya kompyuta, inatoka mistari ya herufi zisizo na maana, naye anaitazama kwa uchungu, kwa sababu maisha yake yote ya kazi alikuwa mpiga chapa katika duka la jumla pale Mbale mjini, na alikuwa akichapa huku akizungumza na wateja, macho yakiwa kwao.

Mimi ninaishi Mafubira, nje kidogo ya Jinja, katika chumba kimoja nilichokigawa kwa pazia: mbele kazi, nyuma kitanda. Ninatengeneza vidhibiti vya joto vya mashine za kutotolea vifaranga. Ndani ya kila kidhibiti kuna chipu ndogo yenye miguu kama tandu. Unaiandikia programu kwenye kompyuta, unaipakia ndani yake, nayo inafanya hilo hilo usiku na mchana: joto likishuka inawasha balbu, likipanda inazima. Ni kazi ya mtu mmoja. Mteja anakuja, anachukua, anaondoka, na akirudi ni kwa sababu vifaranga wamekufa.

Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili. Baba alikuwa mwanajeshi, mjukuu wa askari waliotoka Sudan zamani, na mama alikuwa Mgisu wa huko chini ya mlima Wanale. Kambini hapakuwa na lugha nyingine ya kuwakutanisha. Wazazi walipofariki, mimi nikiwa bado shule ya msingi, dada ndiye aliyenilea, na lugha hiyo ikabaki yetu wawili. Jinja nikinunua nyanya kwa Kiswahili wananiita afande, wengine kwa mzaha, wengine kwa jicho la pembeni la watu wanaokumbuka waliyotendewa na wanajeshi zamani. Kwa hiyo sokoni nilitumia Kisoga changu kibovu, na Kiswahili nikakiweka kwa ajili ya simu ya jioni. Kila jioni nilimpigia dada. Tulizungumza upuuzi mtupu: bei ya mchele, nani kafiwa, imamu gani ana sauti nzuri.

Baada ya kiharusi nilijaribu kuendelea. Jirani yake, mjane aliyekuwa akimtunza, alimwekea simu sikioni. Nilizungumza, nikanyamaza, nikasikia pumzi. Nikazungumza tena. Baada ya muda nikawa ninakata mapema kuliko nilivyokusudia.

Jumamosi nilikwenda Mbale. Nilimkuta ameketi mlangoni, kiti kimeelekezwa mlimani, shuka limekunjwa vizuri magotini. Nilimuuliza kama amekula, akatikisa kichwa kukubali. Nilimuuliza kama anaumwa, akatikisa kukataa. Kichwa kina majibu mawili tu, na maswali yote nilikuwa nayachagua mimi.

Wazo lilinijia katika duka la vifaa vya ujenzi, Jinja mjini. Nilikuwa nasubiri kukatiwa waya, na mbele yangu kulikuwa na sanduku la vitufe vya kengele za mlangoni, vile vinene, ambavyo hata mtu mwenye mizigo mikononi anaweza kuvibonyeza kwa kiwiko. Nikakumbuka simu za zamani, ambazo kitufe kimoja kilibeba herufi tatu: ubonyeze mara moja upate a, mara mbili b, mara tatu c. Dada aliitumia simu ya namna hiyo mpaka ikachakaa mkononi. Vitufe kumi vya kengele kwenye ubao, chipu moja ya kuhesabu mibonyezo, waya wa USB kwenda kwenye laptopu yake ya zamani, na kompyuta ingedhani ni kibodi ya kawaida tu.

Shida ilikuwa kwenye USB. Kuna chipu zinazozaliwa na USB ndani yake, lakini hizo ningeziagiza nje na kuzisubiri. Nilizokuwa nazo mezani ni zile za vifaranga, zisizojua USB ni nini. Nikasoma mtandaoni kwamba inawezekana kuifanya kwa programu tupu. Unachukua miguu miwili ya kawaida ya chipu, na programu inapandisha na kushusha umeme kwenye miguu hiyo kwa mpangilio ule ule ambao kompyuta inautarajia. Kompyuta inauliza: wewe nani? Chipu lazima ijibu papo hapo, kila alama kwa wakati wake. Ikichelewa hata kidogo sana, kompyuta inaihesabu kuwa haipo. Kazi ngumu ilikuwa imeshafanywa na watu walioandika programu hiyo na kuiacha bure kwa yeyote. Kwangu ilibaki kuunganisha na kujaza sehemu ya vitufe.

Nilifunga mkoba wa vidhibiti, nikaanza. Nilichomeka waya, na kompyuta ikaniambia kifaa hiki hakitambuliki. Nikabadilisha kristali inayoipa chipu mwendo wake. Hakitambuliki. Nikalehemu upya kila kiungo. Hakitambuliki. Majuma yalipita hivyo. Asubuhi nilifanya kazi za wateja, mchana nilirudi kwenye ubao ule. Hakukuwa na mtu hata mmoja Mafubira nzima ambaye ningeweza kumwambia kilichokuwa kinanisumbua. Msikitini waliniuliza hali, nikasema Alhamdulillah. Ningesema nini? Kwamba nina waya mbili na hazinisikii?

Mwishowe niliandika kwenye jukwaa moja la mafundi mtandaoni, nikaweka picha. Mtu ambaye sijui anaishi nchi gani alijibu kwa mstari mmoja: diodi zako ni kubwa mno, tafuta ndogo za aina hiyo hiyo. Diodi zile kazi yake ni kupunguza umeme wa waya za USB usizidi kiwango, nami nilikuwa nimeweka kubwa nikidhani kubwa ndiyo imara. Kumbe ukubwa wake ulikuwa unazifanya alama zile za kasi zivie kabla hazijafika. Nilimwandikia kumshukuru, nikamweleza habari za dada, ujumbe mrefu. Hakujibu tena. Sikumlaumu, lakini kwa siku kadhaa niliendelea kufungua ukurasa ule kuangalia.

Nilitoa diodi ndogo kwenye redio mbovu, nikazilehemu. Nilipochomeka waya, kompyuta ilitoa ule mlio wake wa kukaribisha kifaa. Nikabonyeza kitufe. Ikatokea a. Kisha ikaendelea: aaaaaaaaaa, mpaka mwisho wa ukurasa, kwa sababu nilisahau kuifundisha chipu kusema kwamba kitufe kimeachiliwa. Hilo lilikuwa dogo, nililirekebisha pale pale. Nikatoka nje kutafuta mtu.

Mama mwenye nyumba alikuwa anaanua nguo. Ni Msoga, mwema, na Kiswahili chake ni cha kunihurumia mimi.

“Mama, njoo uone!”

Alikuja na kikapu chake kiunoni. Nikabonyeza kitufe. Akaitazama ile a kwenye kioo, akanitazama mimi.

“Ni a tu, afande?”

“Ni a, lakini chipu hii haina USB. Mimi ndiye nimeiwekea.”

“Hata simu ya mtoto wangu naandika a,” alisema kwa upole, kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi iliyofuata nilikipeleka kifaa Mbale. Nilikuwa nimekinakshi: herufi kubwa za rangi kwenye kila kitufe, na spika ndogo ya kulia pii mtu akibonyeza, ili dada ajue amesikika. Nikamwekea ubao mapajani, laptopu kwenye stuli mbele yake. Jirani akasimama nyuma na mwiko mkononi.

Dada alielewa kabla sijamaliza kueleza. Alishusha ngumi yake ya kushoto juu ya kitufe, akaiacha hapo. Spika ikalia piiiii. Alipoinua mkono, kompyuta ikatoa mlio wa kuaga: kifaa kimeondoka. Nikachomoa, nikachomeka. Akabonyeza. Kikaondoka tena. Mara ya tatu hakubonyeza. Aliweka mkono wake juu ya wangu, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Nilirudi Jinja na ubao wangu mkobani. Njiani nikaelewa. Wakati chipu inalia pii, ilikuwa haisikilizi kitu kingine, na kompyuta haivumilii kutojibiwa. Mezani kwangu nilikuwa nabonyeza kwa kidole chepesi na pii ilikuwa fupi, ikapita bila madhara. Mkono wa dada ulikuwa mzito na wa polepole, na pii ilidumu kadiri alivyobonyeza. Nilikuwa nimekijaribu kwa mkono wangu, si kwa wake. Nikaitoa spika na maandishi yake yote ndani ya programu, nikaweka taa ndogo ya kijani mahali pake. Kisha nikakaa siku nzima nikibonyeza kwa ngumi ya kushoto, mkono mzima, hadi bega likauma.

Safari iliyofuata taa iliwaka na kompyuta haikuaga. Dada aliandika taratibu, akikosea, akifuta kwa kitufe cha kufutia. Mimi na jirani tulisimama kama watu wanaosubiri maji yachemke. Yalipotokea maneno, yalikuwa haya:

sukari imezidi

“Sukari gani?” niliuliza.

Jirani ndiye aliyeelewa. Aliziba mdomo kwa mkono. “Chai yangu! Wallahi, tangu augue ninamtilia sukari nyingi nikidhani itampa nguvu!” Alicheka, kisha akaketi sakafuni akalia, na dada naye akacheka kwa nusu ya uso iliyokuwa bado yake. Alasiri ile aliandika mpaka akachoka. Mto ni mgumu. Redio iwekwe stesheni ile nyingine. Nizungusheni kiti, mlima nimeshauona. Nilisafiri kurudi nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu. Nilijiambia kwamba nimempata tena dada yangu.

Ilikuwa ziara ya pili au ya tatu baada ya hapo aliponisubiri niketi, akaandika:

nataka kwenda kwa binti yangu

Binti yake ameolewa Bungoma, ng'ambo ya mpaka. Walikuwa wamekosana juu ya ndoa hiyo, na miaka ilikuwa imepita bila kusemezana. Mimi nilidhani mlango huo umefungwa.

“Dada, hapa si kwako? Mimi nakuja kila wiki.”

unakuja jumamosi

Akapumzika, akaendelea.

siku nyingine je

“Basi njoo Jinja. Tukae wote.”

Safari hii aliandika kwa muda mrefu zaidi, akifuta na kuanza upya.

chumba kimoja mdogo wangu. na wewe unashinda na waya

Kumbe alikuwa ameshamwandikia binti yake, kwa ngumi ile ile, siku ambazo mimi sikuwepo, na jirani akamtumia ujumbe. Sijui aliandika nini. Najua tu kwamba binti alikuja na mumewe kwa gari lao, akapiga magoti mbele ya kiti, akaweka kichwa chake juu ya ubao wa vitufe, na kwenye laptopu herufi zikamwagika ovyo bila mtu kuzijali.

Wakaondoka naye kabla ya mvua za msimu. Nyumba ilikuwa ya kupanga, tukarudisha ufunguo. Jirani alinipa sufuria moja ya mama yetu, nikaibeba mpaka Mafubira.

Mwanzoni dada aliniandikia kila siku. Wajukuu walimpanda kitandani, mmoja alikuwa akimsomea magazeti, mkwe alikuwa amejenga njia ya mteremko kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Baadaye zikapita siku mbili, tatu. Nilifurahi. Nilijua maana yake: ana watu wa kuandikia waliomo humo humo chumbani, anawageuzia kioo wasome. Lakini kulikuwa na wiki ambazo nilitambua, nikiwa namjibu mzee mmoja wa msikitini aliyenisalimu kwa Kiswahili, kwamba hilo ndilo neno la Kiswahili la kwanza kunitoka tangu Ijumaa iliyopita.

Kisha siku moja akaandika kwamba kitufe chenye m kinagoma. Niliruka. Nilifungasha chuma cha kulehemu na waya wake wa risasi, vitufe vya akiba, chipu nyingine iliyopakiwa programu tayari, hata shati safi. Nikamwambia mama mwenye nyumba kwamba naenda Kenya, na nisiporudi Jumapili asishangae. Nilikuwa nafunga kamba za viatu simu ilipolia.

usihangaike. mkwe amekisafisha kwa mswaki. kinafanya kazi mmmmm

Nilisoma mara kadhaa. Nikamjibu kwamba mkwe ni fundi hodari. Kisha nikavua viatu, nikatoa vifaa mkobani kimoja kimoja, nikafungua mlango wa mbele, kwa sababu palikuwa na mtu amesimama nje na kidhibiti chake kwenye mfuko wa plastiki, na uso wa mtu aliyepoteza vifaranga.