Baiskeli ya Baba Iliyochukuliwa Msibani

Siku tuliyomzika baba, mtani wetu aliingia uani kwetu, Magomeni ya Kilosa, akanyakua baiskeli ya marehemu. Akaipanda, akazunguka nyumba mara mbili akiimba kwamba huyu mzee alikuwa bahili na sasa mrithi ni yeye. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Ndiyo kazi ya mtani msibani: anatukana, anachukua kitu, halafu wafiwa wanakikomboa kwa kuku. Kila mtu Kilosa anajua hivyo, hata mimi nilijua. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijala tangu jana yake, na kichwa changu hakihitaji moto mwingi kuchemka. Nikamvuta, akaanguka, nikampiga ngumi ya mdomo mbele ya wazee.

Bibi mmoja akasema taratibu, "Umeua utani, mjukuu wangu." Mtani akafuta damu, akaondoka akiisukuma baiskeli, na hakuna aliyemfuata na kuku. Mtani ukishamkasirikia, alichokishika kinakuwa chake.

Ilikuwa baiskeli ya gia, mtumba wa Ulaya, chuma kitupu, rangi ya zambarau iliyobabuka. Baba alikuwa anaifunga matenga mawili ya nyanya, anakwenda nayo mpaka Dumila. Ufundi sikufundishwa na mtu. Niliifungua mchana mmoja baba amelala, nikashindwa kuirudishia, akanichapa. Kesho yake nikaifungua tena. Leo nina kijiwe changu, natengeneza baiskeli za watu, na kila fremu ninayoishika naipima na ile.

Miaka sita ikapita. Mwezi uliopita dereva mmoja wa lori akaniambia yule mtani siku hizi anauza baiskeli Mikumi, kando ya barabara kuu, na ya zambarau ipo. Watu wa mjini wakielekea mbugani wanasimama pale. Wanazitaka zile za chuma, za enzi za utoto wao, na bei hawaulizi mara mbili. Nikafunga kijiwe, nikapanda basi.

"Shikamoo, mtani," nikamwambia.

"Marahaba. Mkono wako haujambo?"

Nikauliza bei. Laki tisa. Nikamwambia mpya ya dukani haifiki hata nusu yake. Akanijibu kwamba mpya ni bati la kopo, na hata hivyo kuna mnunuzi ameshapiga simu, yuko njiani anatoka Iringa. Laki tisa mimi ningeitoa wapi? Nikamwomba anitoze faini ya utani, tuyamalize.

Akafikiri. Akamwita mama muuza chai na mwendesha bodaboda mmoja wawe mashahidi, kisha akaniwekea ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Nikae hapo, anitukane mpaka mnunuzi afike. Nikivumilia bila hasira, baiskeli naikomboa kwa kuku mmoja. Nikinyanyuka, imeuzwa.

Nikakaa. Akaanza na masikio yangu, akahamia meno, akasema baiskeli nikiitengeneza mimi mwenye nayo anarudi kwa miguu. Bodaboda anacheka mpaka anapiga tangi la pikipiki yake. Kikawaida mtani unamjibu, tena mimi mdomo wangu haujawahi kukosa neno. Ila nilijua nikiufungua tu, ngumi itafuata nyuma. Basi nikabana mikono katikati ya mapaja. Jua linanichoma shingo, malori yananimwagia vumbi, na baiskeli ya baba iko hatua mbili tu kutoka nilipo, siwezi hata kuigusa. Nikawa mfungwa wa ndoo.

Akasema baba alikuwa anaogopa mteremko, anashuka akisukuma. Nikavumilia. Akasema nyanya za baba zilikuwa zinafika Dumila zikiwa mchuzi. Nikavumilia, mama wa chai akanipa hata kikombe.

Kisha akainama, akaniuliza, "Kwenu mlizaliwa wangapi?"

"Wanne."

"Nilimuuliza baba yako ana watoto wangapi wenye akili. Akaniambia watatu."

Kikombe sikumbuki nilikiachia saa ngapi. Nilijikuta nimesimama, nimemkaba kola ya shati, namfokea kwamba baba hakusema hivyo, hakusema.

Hakupigana. "Ni utani, kijana," akasema.

Mama wa chai akageuza uso. Nikaachia kola, lakini nilikuwa nimeshanyanyuka, wote wameona.

Mnunuzi akaja na gari la kubeba mizigo, mtu mzima mwenye kitambi, akaishika ile baiskeli kwa mikono miwili kama amekutana na ndugu. Alikuwa na ya hivyo hivyo alipokuwa sekondari. Hakuomba hata kupunguziwa. Nilitaka nimchukie, nikashindwa.

Nikasogea nikamwonyesha gia ya tatu. Ukiwa na mzigo inaruka, unaisukuma kwa kidole gumba mara mbili, haraka haraka. Asikubali fundi yeyote aikaze zaidi, atakata waya. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia mimi ni fundi.

Nikaipandisha kwenye gari mwenyewe, nikaweka matambara mahali ambapo fremu ingesuguana na bodi, nikafunga kamba. Mtani alisimama pembeni, mikono nyuma, akinitazama. Hakunitukana hata neno moja.