Kiganja Kwenye Tumbo la Birika

Mama mkwe wangu alilisugua birika mpaka likafanana na jipya, na kidogo hilo liniulie mume.

Simlaumu marehemu. Kwetu pwani mtoto akitimiza arobaini, shaba zote za nyumba husuguliwa kwa jivu na ndimu. Wageni hunawishwa kwa birika linalong'aa, na likiwa na doa watu wanarudi makwao na la kusema. Alikuwa amepanda gari la moshi kutoka Mombasa kuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, nasi tukiishi Kisugu, chumba kimoja na sebule. Kampala ya wakati ule hakuijua. Alipomaliza kusugua akaliweka barazani lipigwe jua, akaingia ndani kuchambua mchele.

Birika lenyewe ni langu. Nilipewa na mama yangu siku ya harusi, naye alipewa na mamake, na huyo na wake. Ni shaba nyekundu, shingo ndefu, tumbo limechorwa maua na majani mpaka chini. Tangu tuje Kampala lilikaa kabatini jeusi kama sufuria ya kuni, hakuna aliyelitazama mara mbili.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Wahindi wafukuzwe. Maduka yao yaligawiwa watu wengine, na ukikutwa na kitu cha Mhindi huna maelezo, unapandishwa gari la jeshi. Kuna watu mtaani kwetu walitupa cherehani zao vichakani, cherehani walizonunua kwa haki, kwa kuogopa tu.

Aliyeliona ni bwana mmoja aliyepewa duka la vyombo kule Mengo. Alipita, akasimama, akaondoka haraka. Aliporudi alikuwa na mwanajeshi.

"Ndiyo hiyo, afande," akasema. "Hiyo bilika ya duka rangu."

Mume wangu alitoka na fulana, mtoto begani. Ilikuwa Jumapili, siku yake ya kupumzika kazi ya gereji. Mwanajeshi akamwambia akae chini, pale pale kwenye vumbi, na mimi nikampokea mtoto.

"Hii kitu mumetoa wapi?"

"Ni yangu, afande," nikajibu mimi. "Ya bibi wa bibi yangu."

"Iko na karatasi?"

Karatasi! Nani anaandikiwa karatasi na bibi yake?

"Kama hapana karatasi, bwana yako ataeleza huko kambini."

Wakati ule tuliwajua waliokwenda kueleza. Mtoto alianza kulia, maziwa yakanichuruzika mpaka kwenye kanga, na mama mkwe mlangoni akawa anasema taratibu, "Mwanangu, mpe. Mpe tu aende nalo." Nilitaka kumpa. Lakini nikiwapa si ndiyo nimekubali tumeiba? Hapo mume wangu angepanda gari na birika lake mkononi.

Nikalichukua nikaligeuza. "Tazama chini, afande. Vyombo vya dukani vina chapa. Hili halina. Tia kidole ndani usikie, limegongwa kwa nyundo, si la mashine."

"Ameifuta hiyo chapa," akasema yule bwana.

"Haya, tazama bati lililopakwa ndani. Limelika mpaka shaba imetokea. Hiyo ni kazi ya maji ya miaka mingapi?"

"Nnyabo, bati ya Bayindi ni mbaya, inatoka upesi!" Akacheka, mwanajeshi naye akacheka. Mume wangu aliinamisha kichwa, na nikaona jasho linamdondoka puani.

Hasira ilinipanda, tena si ya kumwonea huyu ama yule. Niliwachukia wote wawili, nikamchukia na mama mkwe na ndimu zake. Nikampa mtoto, nikalitia birika maji, nikapiga magoti mbele ya yule mwanajeshi. Nadhani alifikiri nataka kumlilia.

"Leta mikono, afande. Mgeni hunawishwa."

Kwetu msichana anayenawisha hupiga magoti. Mkono wa kulia unashika kishikio, wa kushoto unalibeba tumbo lisiyumbe. Nimenawisha hivyo tangu nikiwa mdogo, na mama yangu hivyo hivyo, na waliotangulia. Nilimmiminia akanawa, bunduki ikining'inia. Nilipoinua mkono wangu wa kushoto nikamwambia, "Sasa weka kiganja chako hapa nilipotoa changu."

Akaweka.

Upande ule hauna maua. Yamefutika yote, pamebaki laini kama sabuni iliyotumika, mahali penye ukubwa wa kiganja na vidole vyake. Upande wa pili kila jani lina makali. Jivu la mama mkwe halikuchagua upande, lilisugua kote.

"Muulize huyu bwana," nikasema, "dukani kwake nani alikuwa anapiga magoti na hili birika, miaka yote hiyo, mpaka shaba ikaisha?"

Mwanajeshi alikuwa bado anapapasa, huku na huku, upande wenye maua na upande usio nayo. Kisha akamtazama yule bwana.

"Mzee, wewe nasema ni ya duka yako."

"Afande, ilikuwa inafanana..."

"Inafanana! Unaleta mimi hapa Jumapili kwa kufanana?"

Akamwambia mume wangu simama. Nilidhani imekwisha. Lakini mtu wa aina ile hakuwa akiondoka nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Akang'oa kifuniko cha birika, bawaba ikalia, akakigeuza juu chini, akakipima mkononi.

"Hii itakuwa ya majivu ya sigara," akasema, akaenda nacho. Yule bwana akamfuata nyuma.

Arobaini tuliifanya. Mama mkwe alifunika birika kwa kisahani cha chai, akanipa bila kunitazama usoni. Wa kwanza kunawa alikuwa mume wangu. Nilimmiminia, na kiganja changu cha kushoto kilikuwa pale pale, kimekaza.

Tangu siku hiyo halijasuguliwa tena.