Chuma Kilichopakwa Samli

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, basi. Malori, mashine ya kukamua alizeti na nyumba ya bati la rangi hapa Bariadi sikuvipata kwa cheti. Nilivipata kwa chuma chakavu. Nilianza na baiskeli, nazunguka vijijini nanunua majembe yaliyokatika, sufuria zilizotoboka na magurudumu ya plau. Nasema mapema ili mtu asije akauliza mzee kama mimi anajuaje bastola za vita. Aliyeshika chuma maisha yake yote, chuma humwambia.

Ya kwanza niliikuta ndani ya gunia la minyororo ya kukokotea. Niliipeleka polisi siku ileile, watu wakacheka kwamba mzee anajipeleka mwenyewe ndani. Pale kituoni kulikuwa na fundi wa silaha, Mzaramo aliyehamishiwa kwetu, na sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Akaigeuza, akasema ni ya Kijerumani, ya vita ile ya kwanza. Nikaiomba. Nilizungushwa ofisi hii na ofisi ile mpaka viatu vikalala upande. Mwisho akaiua mbele yangu: akaziba mtutu kwa kuchomelea, akakata pini inayogonga risasi, nikapewa kibali cha kukaa nayo kama ukumbusho. Tangu hapo zimefuata nyingine chache. Zote zimekufa na zote zina karatasi.

Lakini bastola isiyo na habari zake ni ya kuweka kwenye mizani tu. Mimi nataka kujua nani aliishika, katika vita gani, na ilifikaje huku kwenye pamba na mtama. Nauliza wazee, nalinganisha alama. Kazi hiyo ina ugumu wake, kwa sababu huku kwetu kila kitu cha zamani ni cha Mjerumani. Kisima ni cha Mjerumani. Mti mnene ni wa Mjerumani. Niliwahi kuletewa pasi ya mkaa ya Mjerumani, mwenye nayo anaapa kwa mama yake, na chini ina maandishi ya Kihindi.

Sasa serikali ikatangaza kwamba mwenye silaha bila kibali aisalimishe kwa hiari, hataulizwa kitu, na muda ukiisha atakayekutwa nayo asimlaumu mtu. Gari lenye spika lilipita mpaka Shishiyu. Ndipo mama mmoja mzee wa huko akanitumia ujumbe kwamba nifike haraka.

Nilimkuta nje ya mji wake anapepeta dengu, nikamwamkia Kisukuma, mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

"Nimesikia wewe unakula vyuma," akasema. "Kaa hapo nikupe cha mwisho."

Akaniongoza kwenye kijumba cha masamva, yaani wazee wa ukoo waliokufa, kidogo, cha nyasi, mtu anaingiza mkono tu. Akatoa kitu kimefungwa kwenye ngozi ya ndama. Ilikuwa bastola, inang'aa kama imetoka dukani. Kila mavuno walikuwa wanaipaka samli na kuimwagia pombe ya mtama. Ilikuwa shitongelejo cha babu yake, kitu cha marehemu kinachotunzwa ili asione amesahauliwa. Babu huyo, alinieleza, alikwenda vita ya Mjerumani, akamuua ofisa wa Kizungu, akamnyang'anya.

"Polisi wakikichukua watakiyeyusha," akasema. "Babu nitamwambia nini? Wewe una ruhusa ya kukaa navyo. Kaa nacho. Mavuno nitakuja Bariadi na kibuyu changu, nitakimwagia nyumbani kwako."

"Lazima kizibwe mtutu kwa moto, mayu."

"Kizibwe. Bora kilema kuliko maiti."

Sitaficha, niliitaka. Katika zangu zote hakuna yenye hali ile. Nilikuwa nimeshapewa, imebaki kuchukua tu.

Nikaigeuza. Bastola hii hukunjuka katikati ukitaka kutia risasi. Ina taji ya mfalme wa Kiingereza imegongwa ubavuni, na pete ya kamba chini ya mpini. Hapo bado mtu angeweza kubisha kwamba Mwingereza naye alikuwepo vita ya kwanza. Lakini nyundo ya nyuma haikuwa na mkia. Nyundo za zamani zina mkia wa kuvutia kwa dole gumba. Wa hii ulikatwa kiwandani makusudi, usimkwaze askari anayetoka ndani ya kifaru. Hiyo ni ya vita ya pili. Babu yake hakuweza kumnyang'anya mtu kitu ambacho hakijatengenezwa.

"Mayu, kwenu nani alikwenda vita ya Hitila?"

"Babu mdogo. Mdogo wake babu, mama mbalimbali. Alikwenda Bama, akarudi."

"Alipokufa vitu vyake vilikwenda wapi?"

"Viliwekwa hapa. Babu ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji."

Bama ni Burma, vita ya pili. Nikamwambia basi chuma hiki ni cha mdogo. Akaacha kupepeta.

"Unasema nimemnywesha babu yangu pombe kwa kitu cha mwenzake?"

"Ndiyo."

"Miaka yote?"

"Chuma ndicho kinachosema, mayu. Mimi nasoma tu."

"Umesoma mpaka la ngapi?"

"La pili."

"Ungeishia la kwanza."

Baadaye watu wengi wameniuliza kwa nini sikunyamaza. Ningenyamaza, ningekuwa na bastola yenye habari ya uongo. Hiyo nikimwonyesha mgeni nitasema nini? Ofisa wa Kizungu aliuawa na nani? Mimi sikai na chuma cha uongo, kama ambavyo sikuwahi kutia mawe kwenye gunia la mizani.

Lakini kusema kulibadilisha kila kitu, na hilo yeye alilijua kabla yangu. Shitongelejo ni cha damu ya mwenyewe. Kama ni cha babu mdogo, yeye hana mamlaka ya kukitoa wala kukizuia. Mwenye neno ni mtoto wa yule babu, na aliyebaki hai ni mmoja, binti yake, anayeuza dagaa Lamadi. Kwa umri binti huyo ni mdogo kuliko mama wa Shishiyu, ila kwa ukoo ni shangazi yake, sengi, na sengi akisema amesema.

Tulikwenda kwa lori langu, bastola tukaiacha kwenye ngozi yake, maana siwezi kutembea barabara kuu na silaha isiyo na karatasi. Tulipopita Kiloleli mama alinunua viazi akala peke yake.

Sengi tulimkuta kwenye vichanja, anageuza dagaa juani. Mwanamke mnene, sauti kubwa. Mwenzangu, na mvi zake zote, akapiga goti kumsalimu.

"Simama, utajaza magoti magamba," sengi akasema. "Na huyu mzee wa koti ni nani, umeolewa tena?"

"Huyu anakula vyuma."

"Basi hana meno."

Nikaeleza. Aliposikia bastola, mikono ikasimama juu ya dagaa.

"Kile kidude kipo? Kina mpini wa mbao, na pete chini?"

"Ndicho."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatupa habari yote, na alitupa kavu kabisa, kama anayetaja bei. Baba yake huko Bama hakumpiga mtu risasi. Alikuwa anamfulia nguo ofisa mmoja wa Kiingereza na kumpigia pasi. Ofisa akafa kwa homa. Kabla vitu vyake havijaorodheshwa, baba yake akaifunga bastola ndani ya blanketi, akashuka nayo melini, akaja nayo mpaka Shishiyu. Risasi hakuwahi kuwa nazo.

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naitafuta, na ni nzuri kuliko ya kumuua Mjerumani, kwa sababu ni ya kweli. Nikajua pale kwamba bastola hii ningeieleza vizuri kuliko zote nilizonazo.

"Jioni," sengi akaendelea, "ugali ukishasongwa, anakiweka kwenye goti. Anaanza habari za Bama. Hakuna kunawa mpaka amalize. Mama anatazama ugali, sisi tunatazama ugali. Sikujua ugali wa moto ukoje mpaka nilipoolewa." Akamgeukia mwenzangu. "Na wewe ndicho ulichokuwa unakinywesha pombe?"

"Sikujua, sengi. Nilidhani cha babu."

"Na samli juu!"

"Nimekilea, sengi. Tangu mama aniachie. Polisi watakiyeyusha."

"Wayeyushe."

Mama akainamisha kichwa. Mimi nikaona ni zamu yangu.

"Sengi, nipe mimi. Kitazibwa, hakitadhuru mtu. Kitakaa kwangu kimya."

"Kimya?" Akanitazama koti mpaka viatu. "Wewe wageni wakija huwaonyeshi?"

"Nawaonyesha."

"Huwaelezi?"

"Nawaeleza."

"Na chakula kinapoa."

Wanawake wa vichanja vya jirani wakacheka. Nikasema kwangu watu wanakula kwanza.

"Baba alikieleza, inatosha," sengi akasema. "Kipelekwe polisi na wenzake. Na akipeleke huyu aliyekilea, ndiyo heshima yake." Kisha akamfungia mpwa wake dagaa kwenye gazeti, mimi hakunipa.

Siku ya kukisalimisha niliwasubiri kituoni. Mama alikuja na mtendaji wa kijiji, ngozi ya ndama imebebwa mbele kama mtoto wa kubatizwa. Fundi Mzaramo akaifungua, vidole vikateleza.

"Nyie Wasukuma mmechanganyikiwa. Bunduki mnaipaka samli, watoto mnawapaka nini?"

"Nyie wa pwani chuma chenu kinaliwa na chumvi," nikamjibu. "Tazama hicho, hakina hata doa la kutu."

Akaikunjua, akaangalia nyundo, akakubali kwamba ni ya vita ya pili. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama naitaka, kwamba labda njia ipo. Nikamwambia mwenyewe amekataa. Akaiweka juu ya turubai, katikati ya magobole yaliyofungwa kwa mipira ya baiskeli. Ilionekana kama bwana harusi aliyekosea nyumba. Mama aliomba arudishiwe ngozi yake, akarudishiwa.

Nilimrudisha Shishiyu kwa lori. Tulipoiacha lami aliikunja ngozi yake magotini.

"Kwa hiyo babu yangu vita ya Mjerumani alifanya nini?" akauliza. "Na useme kweli, umeshaanza."

"Watu wengi wa huku walibeba mizigo. Vyakula, risasi, mahema ya Wazungu. Hata bunduki hawakupewa."

"Alikuwa na kipara hapa katikati," akasema, akagusa utosi. "Mama alisema kilitokana na mzigo. Sisi tulisema ni uzee."

Tulipofika hakunikaribisha ndani, wala mimi sikungoja kukaribishwa. Alikwenda moja kwa moja ukingoni mwa shamba, akakata nyasi ndefu, akaketi chini miguu ameinyoosha, akaanza kusokota. Nilidhani anatengeneza kamba. Alikuwa anasokota ngata, ile ya kuweka kichwani chini ya mzigo, na aliisokota nene, ya mwanaume. Alipomaliza aliipima kichwani mwake, akaona ni kubwa, akaridhika. Akaiingiza kwenye kijumba pale palipokuwa na chuma, akachovya kidole kwenye kibuyu cha samli, akaipaka.

Kisha akanigeukia, nami bado nimesimama kwenye mlango wa lori.

"Hii nayo imetoka vitani," akasema. "Usije ukaitaka."

"Haina chuma, mayu."

"Basi nenda."

Nikaenda.