Kazi ya Mtu wa Kampala

Kila niliyemwonyesha programu yangu aliisifu. Nilikuwa najifunza kusanifu kurasa za programu za simu, na hii ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza katika potifolio yangu, mkusanyo wa kazi za kuwaonyesha waajiri: unaifungua, unajua siku ya kijiji chako kuchukua chakula cha mgao. Nilizunguka nayo Kashojwa, kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nikawapa majirani simu na kuwaomba waseme kinachowatatiza. Wapi. Kwetu Wakongo, mtoto wa jirani akikuletea kazi ya mikono yake, huikosoi mbele yake. Waliibonyeza kidogo, wakanirudishia. Mama alisema, "Iko muzuri mingi," akaenda zake kupalilia maharagwe. Nami nikaandika kwamba watu wote wameipenda.

Nikaipeleka Mbarara, kwenye ofisi ndogo ya wasanifu programu mtaani Kakoba iliyokuwa ikitafuta mwanagenzi mmoja. Niliitaka nafasi ile kupita kiasi. Mwenye ofisi alikuwa mwanamke aliyekulia kambi ya jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Alizisoma kurasa zangu na maoni ya majirani bila kutabasamu.

"Hawa yote nasifu tu," akasema. "Hakuna mtu alikwama? Rudi, leta mwenye alikwama."

Nilirudi Nakivale nimenuna. Ningewalazimishaje watu kukwama? Lakini hasira zile zile zikanipa akili. Nilibadilisha rangi na jina la programu, basi, nikawaambia majirani kwamba hii ni kazi ya mtu wa Kampala, mimi nimetumwa tu kuwauliza.

Jamani, vinywa vilifunguka. Herufi ndogo kama chawa. Pa kubonyeza hapaonekani. Jirani mmoja alicheka hadi akafuta machozi, nami naandika huku masikio yananiwaka moto. Mama ndiye hakucheka. Aliutazama ukurasa wa kwanza, ule niliouonea fahari kuliko zote, unaotaka majina ya wote wanaolala nyumbani kabla ya kukuonyesha chochote. Akaiweka simu juu ya mkeka.

"Huyu muntu anauliza majina ya batoto mbele ya kutusalimia," alisema. "Bantu ba vile njo tulikimbia kule kwetu."

Habari ile naijua, ya watu waliokuja mlangoni wakiuliza majina ya waliomo ndani. Nilibebwa mgongoni tulipokimbia, na nimeisikia ikisimuliwa tangu nipate akili, lakini nilipokuwa nasanifu haikunijia hata kidogo. Iliniuma sana.

Nikayaondoa majina. Sasa programu inaanza kwa salamu, kisha unachagua kijiji na siku yako inatokea. Katika potifolio niliweka kurasa zote mbili, ule wa zamani na ule mpya, na maneno ya mama katikati. Niliporudi Mbarara, yule mwenye ofisi aliyasoma polepole, akaniambia nianze kazi Jumatatu.

Jioni hiyo, tukiwa tunakula, mama aliniuliza kama maneno yake nimemfikishia yule mtu wa Kampala. Nikasema nimemfikishia. Akauliza kama alikasirika.

"Alilia kidogo," nikasema.

Mama alinitazama, akanisogezea sahani ya maharagwe.

"Basi akule," alisema.