Samaki wa Mpira na Mama Mukwe

Mzungu mmoja, fundi wa injini za meli pale Kalundu, bandari ya ziwani, alipohamishwa, aliwagawia watu vitu ambavyo hakutaka kusafiri navyo. Mpishi wake alipata kitanda. Mlinzi alipata koti. Mimi nilikuwa nikipima magunia ya pamba katika depo iliyopakana na karakana yake, nikapata fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la kuzungushia uzi, pamoja na kopo la sigara lililojaa samaki wa mpira. Hadi leo najiuliza kwa nini kile kitanda hakikuja kwangu.

Samaki wale walikuwa laini kama ulimi wa ndama, na mkia wao ulichezacheza ukiwagusa tu. Ndani ya kila mmoja ulipitisha ndoano yenye kitonge cha risasi, ili azame. Mzungu alinifundisha kwa Kiswahili chake cha kuamrisha: "Tupa. Ngoja inafika chini. Inua kidogo. Acha inaanguka. Polepole! Inua tena." Alinieleza kwamba kambale hulala chini kwenye matope, kichwa chake bapa amekilaza kama jiwe la kusagia, na hapandi juu kufuata chakula. Lazima chakula kimpitie mbele ya mdomo kikirukaruka kama samaki mgonjwa. Niliitikia kila neno. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Nyakabere, nimekua nikipalilia pamba kwenye jua la bonde la Ruzizi. Kuinua fimbo na kuishusha kungenishinda vipi?

Wakati huo mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na kama ilivyo desturi alikuwa amerudi kwao kungoja uzazi. Kwao kulikuwa palepale Kalundu, karibu na mwalo ambapo wavuvi hushusha samaki. Mimi nilibaki Songo, katika nyumba yetu, nikila ugali wenye madonge niliousonga mwenyewe. Mimba ilimfanya achukie ndakala. Hebu fikiri, muntu anayechukia ndakala kuishi Kalundu, ambako vile visamaki huanikwa kila mahali hadi nguo ulizovaa zinanuka! Alitaka kambale mbichi, wa mchuzi.

"Nunua tu kwa wavuvi," aliniambia.

Ningenunua, na maneno yangeishia hapo. Lakini nilisimama katikati ya ua wa wakwe zangu nikasema kwa sauti iliyofika kila pembe, "Sinunui. Nitamvua mwenyewe."

Nyuma ya jiko mtu alikohoa. Alikuwa mama mukwe wangu. Kwetu, mukwe na mama mukwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Tukikutana njiani, mmoja wetu aliingia majanini hadi mwingine apite. Akiwa na neno kwangu, alimwambia binti yake, hata kama nimesimama mahali ninapomsikia vizuri kabisa.

"Mwambie bwana yako," alisema huko nyuma ya jiko, "kambale haiko pamba."

Mke wangu alinigeukia. "Mama anasema kambale haiko pamba."

"Nimesikia."

Jumapili ya kwanza, baada ya misa, nilishuka mwaloni na fimbo yangu begani. Nilitupa. Uzi ulijikunja kwenye gurudumu ukawa kiota cha ndege, na samaki wa mpira akadondoka karibu na miguu yangu. Nilikaa kwenye mchanga nikifungua mafundo hadi jua likanichoma shingo. Nilitupa tena, safari hii akaenda mbali kidogo, akazama. Niliinua. Hakuinuka. Nilivuta, nikajua nimemshika kambale mkubwa kuliko wote wa ziwa lile, nikaanza kupiga kelele, na watu wakaja mbio. Lilikuwa jiwe. Uzi ulikatika, nami nikaanguka chali mbele yao wote.

Palikuwa na mzee mmoja mshona nyavu ambaye hakutoka mwaloni kutwa nzima. Aliokota samaki wa mpira kutoka kwenye kopo langu, akamnusa, akambonyeza, akamrudisha.

"Hii haiko samaki," alisema. "Hii iko kiatu. Weye unataka kambale avae viatu?"

Tangu siku hiyo, kila nikitokea, walinisalimu hivyo: "Karibu, fundi viatu! Kambale wameuliza, iko na namba gani?" Nilicheka nao mara ya kwanza. Baadaye nilibana meno. Kila Jumapili nilirudi, na kila Jumapili ziwa lilinichukulia samaki mmoja au wawili wa mpira. Wengine walibaki kwenye mawe. Mmoja alirudi hana mkia, umekatwa na kaa. Upepo wa mchana ulipovuma, uzi ulipinda hewani kama upinde, nikawa sijui kama risasi imefika chini au bado inashuka. Nikiinua haraka, mzee wa nyavu alisema, "Polepole!" Nikiinua polepole, alisema, "Umelala?" Mke wangu naye alituma kuniuliza kama kambale bado yuko njiani.

Kisha ikaja Jumapili ya mikeka. Mama mukwe aliishi kwa kukausha ndakala na kuwauza kwa watu wa milimani. Siku hiyo alikuwa ametandaza mikeka nyuma yangu, mbali kidogo, naye mwenyewe amejificha upande wa pili wa mtumbwi uliopinduliwa, asinione nisimwone. Nilirudisha fimbo nyuma kwa nguvu zangu zote ili nitupe mbali. Ndoano ilinasa ukingo wa mkeka. Nilipoirusha mbele, mkeka uliinuka kama tai, ukajikunja, ukamwaga ndakala wote kwenye mchanga.

Hakuna aliyecheka, hata mshona nyavu. Kutoka nyuma ya mtumbwi ilitoka sauti tulivu kabisa, ikiusemesha mtumbwi: "Mwambieni ule muntu aende kuvua Burundi."

Sikwenda Burundi, lakini nilihama. Nilikwenda upande wa matete, ambako kijito huingia ziwani na maji huwa ya matope, mahali ambapo hakuna mtu wa kunifundisha. Nilikuwa nimebakiwa na samaki wa mpira mmoja tu, nikaapa kwamba akipotea, fimbo nitaifanya kuni.

Nilitupa. Nilingoja. Nikainua kidogo, nikaacha aanguke. Kwa kuwa nilikuwa nimekata tamaa, nadhani kwa mara ya kwanza nilifanya polepole kweli. Aliruka juu ya matope, akatulia, akaruka tena, kisha nikasikia pigo zito, kama mtu anayegonga mlango kwa kiwiko. Fimbo ilipinda. Uzi ulianza kutoka wenyewe, gurudumu likilia.

Hapo ndipo mama mukwe alipotokea kati ya matete, amebeba kitunga cha kuoshea samaki. Alinigundua, akanipa mgongo mara moja. Nami niligeuza uso, lakini sikuweza kwenda popote. Samaki alikuwa amenishika kuliko nilivyomshika yeye.

Mama mukwe akakisemesha kitunga.

"Kitunga, mwambie ule muntu alegeze uzi. Utakatika."

Nililegeza.

"Kitunga, mwambie sasa avute. Asimwache aingie kwenye matete!"

Nilivuta. Kambale alijitokeza karibu na ukingo, mweusi, kichwa kipana kama sahani, masharubu yakitikisika. Alinitazama, akapiga mkia, akageukia matete. Mama mukwe alimsikia. Aliingia majini kinyumenyume, bado amenipa mgongo, kikwembe alichojifunga kimemwelea kiunoni, akipapasa kwa kitunga nyuma yake kama mtu anayetafuta kiti gizani. Kambale alipita kati ya miguu yake. Aliteleza, akamkalia samaki, akazama hadi shingoni.

Nilitupa fimbo nikamkimbilia. Ndipo tukatazamana, uso kwa uso, mimi na mama mukwe wangu, maji yakimchuruzika kwenye kope. Sikujua nimwinue au nikimbie hadi Nyakabere.

"Weye unaangalia nini?" alinifokea. "Iko chini yangu! Kamata kichwa!"

Nilikamata kichwa. Mwiba wa pezi ulinipasua kiganja, lakini sikumwachia. Tulimkokota wote wawili hadi mchangani, tukaketi kila mmoja upande wake, tukihema. Yeye alianza kucheka kwanza. Alicheka akijifunika uso kwa kikwembe kilicholowa, na mimi nikacheka huku damu ikinitoka.

Mchuzi ulipikwa jioni ileile. Mke wangu alifunuliwa sufuria, akavuta harufu, akaziba pua.

"Muiondoe," alisema. "Minye nataka ndakala."

Nilitoka nje nikasimama nimeegemea ukuta. Kambale wangu aliliwa na baba mukwe na majirani, na mzee wa nyavu alikuja akaomba kichwa.

Suala la kutazamana halikuweza kuachwa hivyo hivyo. Baba mukwe aliwaita ndugu zake, wakasikiliza, wakajitahidi wasicheke, wakaamua nilete kuku jike na jembe jipya ili tabu iondoke. Nilileta. Mama mukwe alipokea jembe mkononi mwangu, mbele ya watu, akaniita kwa sauti yake ya kawaida, "Mukwe wangu." Binti yetu alizaliwa wiki iliyofuata, na mama mukwe ndiye aliyetoka ndani kuniambia, mwenyewe, bila kumtuma mtu.

"Iko mwanamuke," alisema. "Iko na nguvu. Ingia, lakini nawa mikono kwanza."