Tulivyomcheka Mfungaji wa Chuo cha Ualimu

Nahodha wa timu yetu ya mpira wa kikapu alikuwa Myao na mimi ni Mmakonde, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujawa marafiki. Wajukuu zangu waliokulia Dar es Salaam hawalielewi jambo hili. Nikiwasimulia habari ya kikao kile huniuliza, "Sasa Babu, kwa nini hukumjibu?" Mtani hajibiwi kwa hasira. Anaweza kukuita mla panya mbele ya wakwe zako, nawe ukinuna, aibu ni yako. Unacheka, kisha unatafuta la kumrudishia. Nililelewa hivyo, na kwa miaka mingi niliona ni jambo zuri. Bado naona ni zuri, isipokuwa siku ile moja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini Mtwara, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa nimeacha kucheza mpira wa kikapu kwa sababu ya goti. Timu yetu ilikuwa ya wafanyakazi. Aliyesajiliwa alipewa na kazi, hata kama ni ya kuhesabu magunia ya korosho, ndiyo maana nafasi ikipatikana vijana wengi waliitaka. Mwaka ule mchezaji wetu mmoja alihamia Dar es Salaam na nafasi ikabaki wazi. Kamati ya timu ilikuwa na watu watano: mwenyekiti, nahodha, mimi, na wazee wawili wa idara ya ustawi ambao mchezo wenyewe walikuwa wakiujua kwa mbali.

Mimi nilimtaka kijana mmoja wa chuo cha ualimu. Hakuna aliyemtaka zaidi yangu. Alikuwa mwembamba, mzito wa kukimbia, na kukaba hakujua kabisa. Mtu akimpita alimsindikiza kwa macho. Tena alirusha mpira vibaya. Wenzake waliruka na kuurusha kwa mkono mmoja juu ya kichwa, kama tulivyofundishwa na walimu wetu. Yeye aliusukuma kwa mikono miwili kutoka tumboni, ukaenda chini chini, umenyooka. Nilipomwona mara ya kwanza nilicheka. Halafu nikaona unaingia. Akarusha tena kutoka mbali, karibu na mstari wa katikati, ukaingia.

Nilikwenda chuoni jioni nyingi kumtazama, ndipo nikaelewa. Uwanja wao ulikuwa wazi upande wa bahari, na kuanzia saa tisa upepo ulivuma mpaka vumbi likajaa mdomoni. Mpira wa juu ulichukuliwa. Wa kwake ulipita chini ya upepo. Na viwanja vyetu vyote vya kusini vilikuwa hivyo, havina ukuta wala paa.

Wazazi wake, Wamakonde kama mimi, walivuka Ruvuma kutoka ng'ambo, upande wa Msumbiji wa Mreno, wakalima mihogo na ufuta Mahurunga. Baba alikwisha kufa. Mama alibaki peke yake na mguu mmoja mbovu, na siku zile kule mtoni palikuwa na vita vya Mreno na wapigania uhuru. Watu walilala wamevaa. Kijana alikuwa anamaliza masomo. Wakati ule mwalimu mpya alipangiwa mkoa wowote, na hakuulizwa. Akipata kazi kwetu angebaki Mtwara, na angemleta mama yake mjini.

"Kaka," aliniambia, "mimi mpira naupenda, lakini sikudanganyi. Namtaka mama yangu atoke kule."

Nahodha nilimweleza yote haya nyumbani kwangu siku moja kabla ya kikao. Mke wangu alikuwa ametupikia ugali wa muhogo na kisamvu. Nilimweleza pia hoja yangu ya mchezo: timu zote zikicheza nasi hurudi nyuma na kujazana chini ya kikapu, kwa sababu zinajua hatuna wa kufunga kutoka mbali. Tukiwa na kijana huyu itabidi wamfuate huko nje. Hata asipofunga, chini patakuwa peupe, nawe nahodha utacheza peke yako kama harusi ni yako.

Alitafuna, akanawa, akasema, "Mmakonde wewe leo umesema neno la akili. Panya wa jana alikuwa mnono?"

"Wewe Myao, hata kivuli chako ungepata mnunuzi ungekiuza. Niambie, kura yako ninayo?"

"Unayo."

"Au huu nao ni utani?"

Akaacha kucheka. "Kwenye mpira sina utani. Kura yangu unayo, na mwenyekiti nitazungumza naye leo leo. Lala usingizi."

Nililala kweli. Asubuhi nikafanya kosa ambalo ni langu peke yangu: nilipita chuoni nikamwambia kijana kwamba mambo yamekwisha, aje alasiri akae barazani pale ofisini, tukimaliza tumwite ndani akaribishwe. Hakunishukuru kwa maneno mengi. Aliingia bwenini, akatoka na shati jeupe la mtihani, akaniuliza kama linafaa.

Kikao kilianza kwa utulivu. Mwenyekiti alisema kuna majina mawili: huyu wa chuo, na kijana mmoja mrefu aliyekuwa akicheza timu ya mtaani Shangani. Nilisimama. Sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Nilieleza upepo, nilieleza jinsi wapinzani wanavyojazana, nikachora kwa chaki mezani. Mzee mmoja wa ustawi aliuliza, "Kwa hiyo wewe unasema ubaya wa urushaji wake ndio uzuri wake?" Nikasema ndiyo, mzee wangu, kwa uwanja wetu ndiyo. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Mwenzake naye akasogeza kiti kuitazama ile chaki. Nikakaa, nikamwangalia nahodha amalizie.

Alisimama taratibu, akavuta suruali.

"Ndugu Mwenyekiti, huyu ni mtani wangu, nivumilieni. Nyinyi Mmakonde hamumjui. Mmakonde akimwona ndugu yake amevuka mto, hata arushe jiwe limpige mbuzi, atasema limeingia!"

Wakacheka. Nami nikatabasamu, nikingoja amalize mzaha aje kwenye hoja.

"Sasa tazameni anavyorusha." Akachutama katikati ya chumba, akashika mpira usiokuwapo tumboni, akabana miguu, akausukuma huku akitoa sauti ya kike: "Jamani pisheni, namwaga maji ya vyombo!"

Kile chumba kilipasuka. Mwenyekiti alifuta machozi. Mzee wa chaki alipiga meza. Nahodha akarudia, safari hii akijifanya ameteleza. Nami nikacheka. Sikucheka kwa adabu tu. Nilicheka kwa mdomo wazi, kichwa nyuma, kama mtani anavyopaswa, na pia kwa sababu alikuwa amemwiga sawasawa.

Kicheko kilipoisha hapakuwa na hoja tena. Ungejadili nini? Mwenyekiti, bado akihema, akasema, "Haya, anayemtaka yule mwaga maji anyooshe mkono." Nilinyoosha peke yangu. Wa Shangani alipata mikono minne, wa kwanza ukiwa wa nahodha. Kutoka kwa mzee mmoja nilisikia, tukiwa tunakusanya viti, kwamba kijana yule wa Shangani alikwisha kumposa dada wa nahodha.

Barazani hapakuwa na mtu. Dirisha la upande wa baraza lilikuwa wazi wakati wote, na lilitazama kiti changu.

Nilimkamata nahodha langoni.

"Umeniuza."

"Ala! Utani tu ule."

"Uliniapia jana, ukila chakula changu."

"Na leo umecheka na mimi. Mtu anayeuzwa hucheka?" Akanipiga begani. "Usinune, Mmakonde. Mtani hanuniwi."

Ningeweza kumpiga. Nilikuwa na nguvu zaidi yake. Lakini watu wa zamu walikuwa wanatoka, wote wangesema fulani kagombana na mtani wake kwa mzaha, na hilo niliogopa kuliko kumpoteza kijana wangu. Nikaondoka.

Chuoni nilikwenda siku ya tatu. Nilimkuta akifua. Nilianza kumweleza habari ya nahodha, dada yake na kiapo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yule nahodha simjui," alisema. "Hakuniahidi kitu. Wewe kaka ndiye niliyekujua."

"Nilikutetea. Wa kunyoosha mkono nilikuwa mimi peke yangu."

"Hiyo sikuiona. Nilikwisha kuondoka."

Alipangiwa Mara, kwenye ziwa, mwisho wa nchi. Nilimwambia nitamtazamia mama yake. Akasema, "Usijisumbue." Nilijisumbua hata hivyo, nilikwenda Mahurunga kila nilipoweza, nikapeleka sukari na mafuta ya taa, na mama yule alinipokea vizuri kwa sababu mwanawe hakumwambia lolote. Nilimwomba mara mbili ahamie kwangu mjini. Alisema atamngoja mwanawe.

Yule wa Shangani alicheza vizuri. Hili nalisema kwa shida. Tulishinda michezo mingi, na sitajua kamwe kama hoja yangu ilikuwa ya kweli au ya mapenzi.

Mama alikufa masika ya mwaka wa tatu, kwa homa. Telegramu ilikwenda, lakini Rufiji ilikuwa imefurika na magari hayapiti, kwa hiyo tulizika bila mwanawe. Nahodha alikuja kuzika, maana msiba wa Mmakonde ni kazi ya mtani. Aliingia kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Waombolezaji walicheka. Mimi sikucheka, wakadhani ni majonzi.

Kijana alifika kwa arobaini. Alikuwa amenenepa kidogo na amefuga ndevu. Nahodha alikuwapo tayari, amejifunga khanga ya marehemu, anachechemea kwa mguu mmoja akifukuza kuku. Alipomwona alimkimbilia, akamshika kiuno, akamfokea kwa sauti ya mama, "Mwanangu wee! Umeniletea samaki wa ziwani au umeniletea ndevu?"

Nilisimama kando nikingoja amsukume. Nakiri nilitamani amsukume.

Alicheka. Alicheka mpaka akamwegemea, kisha kicheko kikageuka kilio, na nahodha akamshikilia palepale, khanga na yote, mpaka kikaisha. Wanawake wakasema, mtani kafanya kazi yake.

Baadaye alizunguka kuwashukuru watu mmoja mmoja. Alipofika kwangu alinipa mkono, akaniita mzee, ingawa tulipishana miaka minane tu.

"Asante kwa kuja, mzee," akasema. "Safari ya kutoka mjini ni ndefu. Umepata chakula?"

Nikasema nimepata.